CD Sita za Mzee Liaquat

Jumanne, 14 Januari

Lori limeshusha kompyuta tisa hapa kituoni Didia leo asubuhi. Mvua ilianza tukiwa tumeingiza nne. Wanafunzi wangu saba walivua khanga na kuyafunika maboksi yaliyobaki, wakaloa wao. Sista Asteria, mkuu wa kituo, alizinyunyizia kompyuta maji ya baraka. Nikamwambia, "Sista, maji na umeme haviendani." Akajibu, "Haya ni machache."

Ndiye aliyeniagiza kuandika daftari hili. Nilimuuliza niandike nini, akasema, "Kinachotokea, Paskalina. Siku kisipotokea kitu, andika hakikutokea."

Basi kinachotokea ni hiki. Nina miaka hamsini na tatu na nimefundisha uhazili kwa mashine za taipu tangu nikiwa msichana. Mwaka huu tumeandikiwa barua kwamba mtihani wa taipu umefutwa. Mtahini atakuja tarehe 27 Machi, na kila mwanafunzi atafanya mtihani kwenye kompyuta. Asiye na kompyuta atasubiri mwaka mwingine. Sista aliandika barua huku na huko mpaka ofisi moja ya mgodi Geita ikakubali kutupa mashine zake za zamani. Tumeimba, tumekula wali.

Jumatano, 15 Januari

Tumeziwasha. Zote tisa zimetoa kioo cheusi na mstari mmoja wa Kiingereza unaosema hakuna mfumo wa kuendesha mashine. Kumbe kabla ya kuzitoa walifuta kila kitu ndani, siri zao zisije zikatoka nazo.

"Wametupa duara lililokwisha dhahabu," alisema Ghati, na wote wakacheka kasoro mimi. Ghati ni mtu wa Tarime, miaka ishirini na saba. Kabla ya kuja kwetu aliponda mawe machimboni Geita, na kila kitu kwake ni duara, yaani shimo la dhahabu, mbale, yaani mawe yake, na karasha ya kuyasaga. Ana mdomo. Sijamzoea.

Mvua ndogo jioni.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeamkia Geita, kwa binamu yangu, na mchana nimekwenda mtaa wa Kalangalala kumtafuta mtu niliyeapa kutomtafuta.

Davis alikuwa mwanafunzi wangu. Mwaka 2013 nilimkuta Ijumaa mchana ameifungua mashine ya taipu namba nne, vipande vimetandazwa juu ya meza kama dagaa. Alipoirudishia, ilibaki springi moja mkononi mwake. Nikamfukuza siku ileile. Leo ana kibanda chake cha kutengeneza simu na kompyuta, karibu na wanunuzi wa dhahabu, na hana nafasi ya kukaa kwa wingi wa kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Umekuja kunirudisha darasani?"

Sikucheka. Nilimweleza shida. Nilikuwa nimebeba laptop ya kituo na mashine moja kwenye mfuko wa salfeti, mashine akaiwasha, akabonyeza hiki na kile, kisha akatikisa kichwa. Alisema wale wa ofisi ya mgodi waliifungia mashine isikubali kuanzia kwenye flashi, mtu asije akachomeka flashi na kuiba mambo yao. Nywila ya kufungua hilo anayo mtu aliyekwisha hama kazi. Mlango uliobaki ni mmoja tu, wa CD.

"Nani ana CD siku hizi?" nikauliza.

"Hilo la kwako, Mwalimu. La kwangu ni kukwambia uweke nini ndani yake."

Anataka tuweke Linux, mfumo wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kuugawa. Lakini Linux nzima haienei kwenye CD, na hizi droo za CD zimekula vumbi la mgodi miaka mingi. CD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo ukiandika kidogo, kinakaa katikati na mashine haihangaiki. Ndani ya CD anataka vitu vitatu tu: kiini cha Linux, kifurushi cha kuanzia chenye zana za mwanzo, na karatasi ya maelekezo ya kuiambia mashine ianze na kipi. Ikishaamka, yote yaliyobaki itayavuta kwa waya kutoka kwenye laptop ya kituo, ambayo atanijazia kama ghala.

Ameijaza leo leo. Nilipotaka kuondoka akaniuliza, "Namba nne bado inafanya kazi?" Nikasema inafanya. Nilikuwa nadhani ananidhihaki.

Jumatatu, 20 Januari

Hakikutokea kitu. Mvua.

Jumamosi, 25 Januari

Nimempata mwenye CD. Ni Mzee Liaquat, mwenye studio ya picha mjini Shinyanga, ambaye miaka ishirini amewatolea watu wa mji huu video za harusi. Mkewe, Mama Mehjabin, ndiye anayepokea wageni, na mzee mwenyewe hukaa nyuma ya kaunta amenuna kama amemeza limau.

"CD tupu?" alisema. "Mwalimu, watu wanataka harusi zao kwenye simu. Zimebaki sita. Naziweka kwa ajili ya wazee wasiotaka simu."

"Nazihitaji zote."

"Una harusi sita?"

Nikamweleza. Akafuta vumbi kwenye mashine yake ya kuchomea CD, na hilo nikalichukua kuwa jibu. Nikampa flashi yenye faili moja alilolitengeneza Davis, akachoma CD ya kwanza, nikarudi nayo Didia nimeikumbatia. Darasa zima likanizunguka. Nikaiingiza. Kioo cheusi. Nikaitoa, nikaipuliza, nikaiingiza tena. Kioo cheusi.

Davis alicheka kwenye simu mpaka nikasikia wateja wake wakimuuliza kuna nini. Kumbe tumeliweka lile faili ndani ya CD kama mtu anavyoweka barua ndani ya bahasha, na faili lenyewe ndilo lilitakiwa kufunguliwa likawe CD. Kuna kitufe cha pekee cha kazi hiyo.

Nilimwambia Sista, "Nimechoma CD moja na imeharibika." Akasema, "Kwa nini uliichoma?"

Jumatatu, 3 Februari

Ya pili, iliyochomwa Jumamosi kwa kitufe sahihi. Mashine iliguna, ikaonyesha neno moja la Linux, wanafunzi wakapiga vigelegele, kisha droo ikaanza kukohoa na kukwama. Nimempigia Mzee Liaquat, akaguna, "Niliikimbiza. Nilikuwa na mteja. CD ya kusomwa na mashine mzee huchomwa polepole, kama nyama ya ng'ombe mzee. Njoo Jumamosi nitaipika taratibu."

Mara ya kwanza namsikia akifanya mzaha. Mvua kubwa, paa la darasa linavuja juu ya mashine namba sita. Tumeihamisha.

Jumatatu, 10 Februari

CD ya tatu imeamsha mashine! Kioo cha bluu, orodha ya lugha, na katikati ya orodha, Kiswahili. Mama Ndaki, ambaye ana wajukuu wanne na alijifunza kusoma ukubwani, aliweka kidole juu ya neno hilo akasema, "Wabeja." Alikuwa anaishukuru kompyuta.

Furaha ilidumu dakika tano. Ilipofika mahali pa kuvuta vitu kutoka kwenye laptop, mashine ikasema haioni kadi ya mtandao. Waya upo, taa ya waya inawaka, yenyewe inasema haina kadi. Nikampigia Davis.

"Hilo langu, Mwalimu," alisema kabla sijamaliza. "Nimekata mno. Nilitaka kifurushi kiwe kidogo, nikaitoa na programu inayoitambua kadi yenu. Nisamehe. Nisomee namba iliyoandikwa kwenye kadi yenyewe, ndani."

"Ndani ya mashine?"

"Ndani."

Nilikaa nikiitazama ile mashine. Katika maisha yangu sijafungua mashine ya mtu. Nilipogeuka nimkute nani, Ghati keshapata bisibisi ya fundi seremala wa jirani na ameshatoa skurubu mbili.

"Ghati!"

"Bado mbili, Mwalimu."

Nilifungua mdomo nimfukuze. Nikaufunga. Nikashika tochi, nikammulikia. Namba yenyewe imeandikwa kwenye kipande cheusi kidogo kama ukucha, herufi ndogo kuliko mchele uliovunjika, mimi na miwani yangu tukaona ukungu tu. Ghati akainamisha kichwa, akapangusa vumbi kwa ncha ya khanga, akanisomea namba yote bila kusita. "Ukizoea kutafuta punje ya dhahabu kwenye karai," alisema, "hii ni tangazo la barabarani."

Kisha akarudisha skurubu zote nne. Nilihesabu.

Ijumaa, 14 Februari

Flashi imefika kutoka Geita, imekuja na kondakta wa basi ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya maandazi. Safari hii Davis amenitumia vipande tu. Anataka niviunge mwenyewe kwenye laptop na niandike ile karatasi ya maelekezo kwa mkono wangu, ili siku ikitokea shida nisimsubiri basi. Mistari ameiandika kwenye karatasi iliyokuja na flashi, nimeibandika ukutani, akanisomea kwenye simu nami nikapiga chapa. Mistari minane. Kwa mtu aliyepiga chapa katiba ya chama cha ushirika kwa usiku mmoja, mistari minane ni nini?

Jumamosi, 22 Februari

Wiki nzima maji yalikuwa yamekata njia, ndiyo kwanza leo nimefika mjini. CD ya nne ilifika asilimia sitini, ngurumo ikapiga, umeme ukakatika. Mzee Liaquat aliitoa, akaitazama, akaitundika kwenye msumari dirishani. "Itafukuza ndege," alisema. Mama Mehjabin akatuletea chai ya tangawizi na tukasubiri umeme saa tatu nzima, yeye akinionyesha picha za harusi za watu ninaowajua, wakiwa wembamba. Umeme uliporudi tukachoma ya tano. Polepole.

Jumatatu, 24 Februari

Leo sikujipenda.

CD ya tano iliingia, kioo kikawaka, kisha mstari mweupe: haijaona kifurushi cha kuanzia, na jina la kifurushi mbele yake. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikajaribu mashine zote tisa, moja baada ya nyingine, wanafunzi wakinifuata nyuma kimya kimya kama tuko msibani. Zote zikasema neno lilelile.

Nikampigia Davis palepale, mbele yao.

"Umeniletea vipande vibovu."

"Vipande nimevijaribu hapa, Mwalimu, vinafanya kazi. Hebu angalia jina la kifurushi ulivyoliandika kwenye yale maelekezo."

"Davis, mimi nimeandika maisha yangu yote. Mara ya kwanza ulikata kadi. Sasa umekata nini?"

"Angalia tu herufi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha wewe herufi! Wewe tangu zamani ni mtu wa kuacha springi nje."

Nilisikia pikipiki zikipita Kalangalala. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu," akakata.

Imebaki CD moja. Mtihani una mwezi mmoja na siku tatu. Nimemwambia Sista kwamba Davis ametuangusha. Sista aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Mvua ya mawe alasiri, imelaza mahindi ya kituo.

Alhamisi, 27 Februari

Wanafunzi wanafanya mazoezi kwa taipu. Hakuna anayeimba.

Ijumaa, 28 Februari

Ninaandika hili polepole kwa sababu nataka liandikwe sawasawa.

Mama Ndaki alibaki baada ya kipindi. Ndiye wa mwisho darasani kwa kasi, husoma herufi moja moja kwa kidole, na mara nyingi nimemsubiri nikiwa nimeuma meno. Alikuwa amekaa mbele ya mashine namba tatu, CD ya tano ndani yake, mstari ule mweupe kwenye kioo.

"Mwalimu, naomba uje."

"Nini, Mama Ndaki?"

"Jina la kifurushi. Kwenye karatasi ya Davis, uliyobandika ukutani, limeandikwa i, n, i, t, r, d." Kidole chake kikagusa kioo. "Hapa ni i, n, t, r, d. Au mimi nimesoma vibaya?"

Nikasogea. Nikasoma. Nikaona "initrd". Nikasoma tena, nikaona "initrd". Akakiweka kidole chini ya kila herufi kama ninavyomfundisha yeye, na hapo ndipo nikaiona. Intrd. Herufi moja nimeiruka. Nilikuwa nimeusoma mstari ule mara hamsini tangu Jumatatu, na kila mara nilisoma nilichoamini nimeandika.

Mama Ndaki alinitazama usoni, akashtuka, akaniita mama kwa Kisukuma. "Pole, Mayu. Pengine ni kompyuta."

"Siyo kompyuta," nilisema. "Ni mimi."

Nilikwenda kukaa kwenye benchi la nje. Mvua ilikuwa imekatika, wanawake wanapanda viazi shamba la pili. Davis alipokosea alisema "hilo langu" kabla sijamaliza sentensi. Mimi nimekosea, nimemtukana mbele ya watu saba.

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshika simu Jumamosi, nikaiweka. Nimeshika Jumapili baada ya misa, nikaiweka. Leo nimewaita wanafunzi wote saba, kwa sababu waliyasikia yale, wasikie na haya.

"Davis, ni Mwalimu Paskalina. Lile kosa lilikuwa langu. Niliruka herufi. Nisamehe, na lile neno la springi pia unisamehe."

Nikasikia kitu kimebonyezwa.

"Davis?"

"Mwalimu, naomba urudie. Nimewasha spika, kuna mteja alikuwa hajasikia vizuri."

Nikarudia. Huko Geita wakapiga makofi, huku Didia wakapiga makofi, na mimi katikati nikicheka machozi yanatoka. Halafu akaniambia jambo. Springi ile anayo mpaka leo, kwenye kikopo cha skurubu. Siku ile alipofukuzwa alikwenda Mwanza kumtafuta fundi wa taipu amuulize ilikuwa ya wapi, na fundi huyo akamkalisha miaka miwili. "Kama usingenifukuza," alisema, "ningekuwa mhazili mbovu sana."

Halafu akauliza, "Aliyeiona herufi ni nani?" Nikamwambia. "Mpe simu." Mama Ndaki alishika simu kwa mikono miwili. Sijui aliambiwa nini, ila tangu saa ile anatembea kama amevaa viatu vipya.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Kwaresima na Ramadhani vimekutana mwaka huu. Mzee Liaquat amefunga, mimi nimefunga, anasema CD nayo ingefunga mdomo isikohoe.

Jumatatu, 10 Machi

Tumekagua. Nimeandika upya mistari minane, nikaionyesha ukutani kwa projekta ya parokia, na kila mwanamke akasoma mstari wake kwa sauti, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, nafasi kwa nafasi. Ghati alikuwa anasema "nafasi!" kwa sauti ya mtu anayeonya shimo linabomoka. Mama Ndaki alikuwa wa mwisho, amesoma yote minane peke yake. Alichukua dakika ishirini na hakuna aliyeuma meno.

Jumamosi, 15 Machi

Ilikuwa niende mjini. Mto umefurika, maji yamepita juu ya kalvati na magari yamesimama pande zote mbili. Flashi niliituma juzi kabla maji hayajajaa, kwa hiyo Mzee Liaquat anayo, na CD ya sita anayo, ila mimi niko Didia na siku zimebaki kumi na mbili.

Mzee akapiga simu saa nne. "Nimeichoma. Polepole kabisa. Njoo kwenye kalvati."

"Mzee, umefunga, na njia ni mbaya."

"Nimefunga chakula, sijafunga gari."

Nilikwenda na Ghati. Ng'ambo ya maji tukaliona pikapu lake la bluu, na yeye amesimama pembeni na mwavuli wa kike wenye maua. Maji yalikuwa ya magotini, yanakwenda kasi. Vijana wanaovusha watu walikuwepo, lakini Ghati hakuwangoja. Alijifunga khanga kiunoni, akamshika mkono mwanaume mmoja mwenye fimbo, akavuka. Nilisali salamu Maria tatu. Nilimwona Mzee Liaquat akimkabidhi kitu kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto, na akimwambia jambo refu. Ghati akakiweka kichwani chini ya kilemba, akarudi.

Ilikuwa imefungwa na Mama Mehjabin kwenye mifuko mitatu ya nailoni. Ndani, boksi la video lenye picha ya bwana na bibi harusi nisiowajua na maandishi ya dhahabu: Siku Yetu Njema.

"Amesemaje?" nilimuuliza Ghati.

"Amesema hajawahi kuombwa CD moja na watu saba. Amesema tukifaulu tumwambie kabla ya kumwambia padri."

Jumatatu, 17 Machi

Nimeiingiza saa tatu asubuhi. Kioo cha bluu. Kiswahili. Kadi ya mtandao imeonekana. Nikabonyeza mbele, na taa ya waya ikaanza kupepesa haraka haraka, laptop inatoa na mashine inapokea. Hakuna aliyepumua. Baada ya dakika tano Davis akasema kwenye simu, "Sasa itoe CD, haina kazi tena humo. Mpe jirani."

Basi CD ikaanza kutembea. Kutoka mashine ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, kila mwanamke anaipokea kwa kingo, hagusi uso wake, anaiingiza, anasubiri kioo cha bluu, anaitoa, anampa mwenzake. Umeme ulikatika mara moja saa sita, tukaanza upya mashine tatu, Sista akatuletea uji na hakuuliza swali. Saa kumi jioni mashine nane zilikuwa zinawaka na picha ya mlima kwenye kioo. Ya tisa diski yake imekufa, Ghati keshaomba aifungue. Nimempa.

Nimempigia Mzee Liaquat kabla ya padri. Alisema "Alhamdulillahi", kisha nikamsikia akimwita mkewe kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Jumanne hadi Jumatano, 18–26 Machi

Mazoezi, asubuhi na mchana. Vidole vilivyozoea kupiga taipu vinaipiga kibodi kama vinatwanga. Nimewaambia mara mia: gusa, usipige. Mvua imepungua.

Alhamisi, 27 Machi

Mtahini ni Bwana Ngassa kutoka Mwanza, suti ya kijivu, matope mpaka magotini. Aliingia darasani, akaangalia vioo, akasimama.

"Hii ni programu gani? Hii siyo niliyoizoea."

Nikachukua mtaala mezani. Wanafunzi saba wamekaa wima, mikono mapajani.

"Ni Linux, Bwana Ngassa," nilisema. "Mtaala umeandika 'programu ya kuandikia nyaraka'. Haukutaja jina." Nikamwekea mtaala mbele, ukurasa nimeupigia mstari.

Akausoma. Akausoma tena. Kisha akavuta kiti kwenye mashine ya nane, iliyokuwa haina mtu, akapiga chapa barua ya mistari sita, akaipamba, akaichapisha kwenye karatasi, akaishika mbele ya dirisha.

"Imewekwa na nani?"

Nilitaka kusema jina moja, nikakuta halitoshi. "Na hawa," nikasema.

Aliwatazama mmoja mmoja. "Haya. Mna saa mbili. Anzeni."

Sijawahi kusikia mvua nzuri kama zile kibodi.

Ijumaa, 4 Aprili

Matokeo ya awali kwa simu. Wote saba wamefaulu. Mama Ndaki ni wa mwisho kwa kasi na wa kwanza kwa usahihi, hana kosa hata moja. Sista amelia, amekataa kwamba amelia.

Jumanne, 8 Aprili

Bwana Ngassa alipopita Chato alikuta kituo kama chetu chenye mashine nane zilizofutwa kama zetu, zimefunikwa mashuka, akawatajia sisi. Wakaniomba niende. Mzee Liaquat akatafuta stoo nzima, akapata CD tupu moja nyuma ya kabati, akatuchomea nakala.

Sikwenda. Goti linanisumbua tangu nilipohamisha mashine namba sita. Nilimtuma Ghati, na laptop, na bisibisi mpya aliyotumiwa na Davis. Nilimfungashia ndizi na kumpa maneno mengi ya kwenda nayo, akaitikia yote na nadhani hakusikia hata moja.

Leo saa tisa amepiga. Nyuma yake makelele ya watu.

"Mwalimu, zote nane zimeamka."

"Kadi za mtandao?"

"Mbili zilikuwa tofauti. Nilifungua, nikasoma namba, Davis akanielekeza, nikaongeza kwenye kifurushi mwenyewe, na studio ya hapa ikanichomea CD mpya. Nimesoma jina herufi kwa herufi." Akashusha sauti. "Mwalimu, huku wananiita fundi. Na mkuu wao anauliza kama naweza kubaki nifundishe. Kuna chumba na mshahara. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimesimama uani. Jua lilikuwa kali, ardhi inakauka, na darasani Mama Ndaki alikuwa anamfundisha mwanafunzi mpya jinsi ya kuweka vidole.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Samaki. Mkubwa."

"Basi mwambie utaanza Jumatatu."